Sijakatazwa Kusalimia

Kahama

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo ya pili. Na ya tatu. Ziitikie zote hapo ulipokaa, kwa sauti, hata kama Bi Mwajuma jirani atachungulia akidhani umeanza kuzungumza na kuku. Kwa nini nimekuamkia mara tatu utaona huko mbele, wala usiruke kurasa.

Goti linasemaje? Bado unapanda nalo darini kuhesabu nazi, au umekubali sasa kwamba wewe si msichana? Mimi ni mzima. Mkwe wako Salehe mzima pia, mikono yake myeusi kwa grisi kama ulivyoizoea, maana pampu za wachimbaji dhahabu haziishi kuharibika na yeye haishi kuzitengeneza. Vumbi tunakula, joto tunalala nalo. Mchele wa Kahama ni mtamu, lakini hilo nisiliseme sana, nisije nikaambiwa nimewasahau kwetu.

Utauliza, huyu mtoto kaishiwa vocha mpaka aandike barua? La, Mama. Naandika kwa sababu simu hukatika. Nyingine hukatika zenyewe, nyingine hukatwa na mtu, na mtu mwenyewe unamjua. Kila nikitaja jina la Zuhura, mdogo wangu, mtandao wa Pangani unaharibika papo hapo. Basi nimekuandikia barua, haina kitufe cha kukatia. Lakini tulia, simtaji sasa. Nakupa kwanza habari zangu.

Uliniuliza mara ya mwisho, "Kujitolea ndiyo nini? Kazi bila mshahara si ndiyo utumwa?" Sikukujibu vizuri, nilikuwa na hasira, maana wiki ile mimi mwenyewe nilikuwa najiuliza. Kujitolea, Mama, ni hivi: kuna kikundi chetu hapa cha kutetea haki za binadamu, kina chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, kina bango kubwa kuliko chumba chenyewe, na kina Mratibu. Mratibu ni mtu mwema, sitaki dhambi. Ila anapenda semina kama mtoto anavyopenda ubuyu. Mtu akija ofisini analia kanyang'anywa shamba, Mratibu anamwambia, "Pole, tutakuingiza kwenye semina." Fulana za kampeni zimeletwa zote za saizi moja, ya watu wanene. Yangu inanifika magotini. Nikipita sokoni watu wanadhani nimetoka na gauni la kulalia, na kifuani imeandikwa HAKI KWANZA.

Sasa sikiliza kilichonipata.

Kuna kijiji upande wa Geita, jina lake nalihifadhi. Mtu mmoja anayeishi Chato alitupigia simu ofisini akasema mama yake, mjane, ametengwa na kijiji. Sisi watu wa pwani tunajua kununiana. Huku kutenga ni jambo jingine kabisa, Mama, lina kikao na lina sheria. Kijiji kikishaamua, hakuna ruhusa mtu kukusemesha wala kukuitikia. Dukani huuziwi. Kisimani ukifika, wenzako wanabeba ndoo wanaondoka. Moto wako ukizimika, hakuna wa kukupa kaa. Na atakayekusemesha anatengwa naye.

Kosa la bibi yule, kwa maneno ya kikao, ni kwamba hakupeleka kuni na maji kwenye msiba. Huku kila mwanamke anapeleka, ni lazima, na kwa kweli ni desturi nzuri. Lakini siku ya msiba ule alikuwa hospitalini anatibiwa macho! Karatasi ya hospitali anayo. Ukiuliza vizuri ndipo unapata ukweli: kwenye kona ya shamba lake la mahindi, vijana walivunja jiwe, jiwe likang'aa. Tangu hapo mwenyekiti wa kijiji anataka shamba lile liwe la kijiji ili lichimbwe duara, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu. Bibi akakataa. Mumewe kazikwa kwenye shamba hilo hilo. Wiki mbili baadaye ndipo watu wakakumbuka zile kuni za msiba.

Tukaenda, gari zima, fulana zote, spika mbili. Mwenyekiti akatupokea vizuri na soda, akatutembeza kijiji na akina mama kadhaa nyuma yetu. Tukapita nyumba moja, bibi kakaa nje kwenye kigoda anakata viazi vya kuanika. Mimi, Mama, umenilea wewe. Nimpite mtu mzima nisimwamkie? Mdomo ukatangulia, "Shikamoo bibi!"

Yule bibi akaniangalia kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Akaweka kisu chini. Akainuka kwa kushika goti lake, kama wewe. Akasema, "Marahaba. Marahaba. Marahaba." Mara tatu, Mama, kwa salamu moja. Nikacheka, nikadhani ni mchangamfu tu. Kugeuka nyuma, wale akina mama wote hawapo. Wametawanyika kama kuku walioona mwewe. Mwenyekiti kasimama hatua kumi mbele, anatazama mawingu.

Ndiye mwenyewe. Mayu Kabula. Mayu kwa Kisukuma ni mama.

Unadhani Mratibu angeelewa? Subhana! Mkutano ukaanza, akashika kipaza sauti, akasoma sheria dakika arobaini. Kisha akauliza, "Je, kuna mtu hapa amekatazwa kuzungumza na Mayu Kabula? Anyooshe mkono." Kimya. Nani anyooshe mkono? Kumtaja tu ni kosa! Akauliza tena, "Kuna mwenye tatizo na mama huyu?" Kimya, hata watoto wamefumba midomo. Mratibu akatabasamu, akachukua kishikwambi chake akaandika kwenye ripoti, na mimi nikiwa bega kwa bega naye nikasoma: "Jamii imeelewa. Hakuna pingamizi lililotolewa."

Mama, nilitaka kumpiga na spika.

Nikamwambia, "Mratibu, huo ukimya ndio ugonjwa wenyewe." Akasema, "Dada Mwanahamisi, kwa kuwa una moyo, utabaki wiki mbili kwa ufuatiliaji." Gari likaondoka. Mke wa mwenyekiti, aliyekuwa ametuambia asubuhi kwamba ana chumba cha wageni, akamwambia mtu mwingine, mimi nikiwa nimesimama pale pale, kwamba chumba kimejaa mahindi. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Nikabeba begi langu nikaenda kwa Mayu Kabula. Sikuwa na pengine pa kwenda, nami nilishatengwa kwa shikamoo moja.

Unanijua mimi. Bila maneno mimi sipumui. Nikaenda dukani nikasema, "Nipe kiberiti." Muuza duka akaanza kupanga sabuni. Nikasema, "Kaka, kiberiti hicho hapo." Akapanga sabuni. Nikaivuta fulana yangu mbele yake, nikaonyesha maandishi kwa kidole, HAKI KWANZA. Akazipangua sabuni akazipanga upya. Nikatoka pale na hasira, na nilipofika nyumbani nikaanza kulia, mtu mzima, eti kwa kiberiti. Mayu Kabula akaniambia, "Siku ya kwanza kila mtu analia. Kula." Tukala michembe, viazi vilivyokatwa vikaanikwa, asubuhi michembe, jioni michembe. Sitaki kuviona tena viazi maishani mwangu.

Nikapanda kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia Mratibu. Akasema, "Pole. Iandike kwenye fomu, kipengele cha changamoto."

Na huyo mwenyekiti! Sheria inamzuia kumsemesha Mayu, na shamba bado analitaka. Unajua anafanyaje? Anakuja anasimama uani, anamsemesha mbuzi. Wallahi nakuapia. "Wewe mbuzi, mwambie mwenye nyumba hii karatasi nimeiacha hapa juu ya jiwe la kusagia. Akiweka dole gumba, yamekwisha, kijiji kitamwamkia kesho yake." Na Mayu bila kuinua kichwa, "Mbuzi, mwambie mgeni wako macho yangu mabovu, sioni karatasi." Nilicheka mpaka nikashika mlango. Mayu hakucheka.

Lakini nililotaka ulijue ni hili. Mlango wa Mayu unatazama njia ya kwenda kisimani. Kila asubuhi anatoka, anajifunga kanga vizuri, anakaa kwenye kigoda, na kila mwanamke anayepita anamsalimia kwa jina. "Mwangaluka, Mama Shija!" Ndiyo habari za asubuhi kwa Kisukuma. Mama Shija ni jirani yake, wametwanga pamoja tangu wote wawili ni maharusi. Mama Shija anapita na ndoo, kichwa chini. "Mwangaluka, mama wa mapacha!" Kimya. "Mwangaluka, wewe mwenye mguu, umepona?" Kimya. Njia nzima, watu wote, mpaka jua linapanda.

Siku ya nne nikashindwa. Nikamwambia, "Mayu, kwa nini unajidhalilisha? Hawaitiki! Nyamaza nawe uwakomeshe!" Akaniangalia kwa yale macho mekundu. Akasema, "Wao wamekatazwa kuitika. Mimi sijakatazwa kusalimia."

Nikakaa chini kando ya kigoda chake, nikaanza kukata viazi. 

Wiki ya pili ikawa mbaya. Akaanza kula kidogo. Kusalimia anasalimia, lakini sauti inashuka. Siku moja jioni akaichukua ile karatasi juu ya jiwe, akaishika muda mrefu. Akaniambia, "Nimechoka, mwanangu. Shamba ni udongo. Mtu hazeeki na udongo, anazeeka na watu. Kesho utanisindikiza kwa mwenyekiti niweke dole." Nikapiga kelele, nikasema haki, nikasema sheria, nikasema kaburi la mzee, nikasema mengine sijui niliyatoa wapi. Akasema, "Wewe wiki hii inaisha unarudi Kahama kwa mumeo. Mimi nitasalimia nani?" Swali hilo halimo kwenye fomu yoyote ya Mratibu.

Asubuhi hakuamka. Hakuwa mgonjwa. Alilala tu, kaelekea ukutani, kanga mpaka kichwani. Mimi nikatoka na uchungu wangu, nikakaa kwenye kigoda chake, sikumsalimia mtu. Nilikuwa nimewachukia wote, nikasema wapite na ndoo zao.

Mama Shija akaja. Akafika pale mlangoni pa salamu, akapunguza mwendo. Mguu wake ulishazoea, pale ndipo anaposalimiwa na pale ndipo anapoinamisha kichwa. Hakusikia kitu. Akasimama. Akatazama kigoda, akaniona mimi, akatazama mlango. Mwenzake akaja nyuma yake, naye akasimama. Wakawa watatu, wakawa sita, ndoo mikononi, hakuna aendaye mbele wala nyuma. Nilimwona Mama Shija midomo inamcheza. Kisha akatua ndoo akapiga magoti vumbini, mwanamke mwenye wajukuu, akaita kwa sauti ya kupasuka, "Mwangaluka, mayu? Mayu Kabula, mwangaluka? U mzima?"



Ndani kimya. Akaita tena, sasa analia, anadhani mwenzake kafa. Wale wengine nao wakaanza, mmoja, wawili, wote, njia nzima inaita, "Mayu! Mayu!" Ndipo nikasikia kitanda kinalia, na sauti ndogo, kavu, "Mwangaluka, Mama Shija."

Yaliyofuata ni vilio na kukumbatiana, nayaacha, sitaki kulowesha karatasi. Mwenyekiti alikuja mbio na kijitabu chake cha majina. Mama Shija akamwambia, "Andika. Anza na mimi. Kisha hawa. Na mkeo huyo hapo nyuma, naye kaita, nimemsikia." Mwenyekiti akasimama na kalamu. Awatenge wote, nani atachota maji ya nyumbani kwake? Akasema kikao kitakaa. Hakijakaa mpaka leo. Sisemi yamekwisha, mtu mwenye tamaa ya dhahabu ataandika karatasi nyingine, na mwanawe wa Chato sasa kamtafutia mama yake wakili wa msaada. Lakini dole halikuwekwa. Ile karatasi Mayu alimpa mbuzi, akasema aliyeambiwa ndiye ajibu. Mbuzi akala, muhuri akauacha.

Na mimi nilifanya nini katika hayo yote? Hakuna. Nilikaa kwenye kigoda nimenuna. Lakini nenda kasome ripoti ya Mratibu! "Kutokana na mafunzo yetu, jamii imebadili mtazamo." Alirudi na kamera, akamvalisha Mayu fulana kwa ajili ya picha. Alipoondoka Mayu akaivua, akafunikia vifaranga.

Nimerudi Kahama na hasira, Salehe ananiogopa. Kila ninachogusa nakivunja. Nilidhani nina hasira na Mratibu, kisha nikadhani na mwenyekiti. Mpaka juzi nikifua ile fulana nikaona haya, nikaacha kufua.

Maana kinyozi hajinyoi, Mama. Zuhura aliolewa na mtu uliyemkataa, sawa. Aliolewa wewe hupo, sawa, ilikuuma, nami nilikuwepo nikakuona. Ukasema siku ile sebuleni, "Asiyenisikia na mimi simsikii, na anayenipenda asimwitikie." Tukatii wote. Mimi wa kwanza. Hatukuweka kikao wala kijitabu, lakini tulifanya nini tofauti na kile kijiji? Kila Idi ametuma, "Shikamoo Mama, shikamoo Dada, Idi njema." Kila Ramadhani. Siku Mjomba alipougua. Mimi nilikuwa nasoma, nafuta. Huku nimevaa HAKI KWANZA mpaka magotini. Sisi tulikatazana kuitika. Yeye akaendelea kusalimia.

Idi iliyopita salamu yake haikuja. Uligundua? Najua uligundua. Salehe alipokupigia siku ile uliuliza mara mbili kama simu zinaingia vizuri, eti mtandao wa kwako una matatizo. Mama, mtandao ulikuwa mzima. Ni yeye aliyenyamaza.

Nimempigia tangu juzi. Inaita mpaka inachoka. Haki yake, ningekuwa yeye nami nisingepokea. Lakini mimi niko mbali, na sauti ya simu yangu haimfiki mtu aliyelala kaelekea ukutani. Wewe uko Pangani, yeye yuko Bweni, ng'ambo ya mto tu. Kivuko kinakuvusha kabla chai haijapoa. Najua utasema mdogo ndiye huanza, mkubwa haanzi, ndiyo adabu uliyonifundisha na ndiyo iliyoniingiza kwenye michembe wiki mbili. Lakini yeye ameshaanza, Mama. Ameanza miaka mingapi? Sasa ni zamu yetu. Ukifika mlangoni pake huna haja ya kusamehe kitu siku hiyo wala kumkubali mumewe. Ita jina lake tu. Akitoka akisema shikamoo, itika. Na ukiona kuitikiwa mara moja hakumtoshi, mwitikie mara tatu.

Nisalimie Mjomba, mwambie dawa ya kifua ya Kisukuma nimeipata, inanuka lakini inafanya kazi. Nisalimie Shangazi mpishi wa maandazi, na kaka yangu mkubwa na mkewe, na Bi Mwajuma ambaye najua kakusikia ukiitikia peke yako na amekwisha kuwaambia watu. Salehe anakuamkia, anasema goti ulikande kwa maji moto asubuhi na jioni.

Na Zuhura, kitinda mimba wako, ana salamu zangu pia. Hizo sikumpa mtu mwingine azipeleke.

Mwanao,
Mwanahamisi